Walioanza na Jibu

Pale Chuoni watu walianza na jibu. Najua unataka kuuliza swali lilikuwa wapi, nami nakwambia subiri, maana hata wao hawakujua. Mwanachuo akiingia maabara asubuhi, akishavaa koti lake jeupe lililokatika vifungo, jambo la kwanza lilikuwa kufungua daftari na kushuka hadi mstari wa mwisho wa ukurasa. Hapo aliandika jibu vile lilivyo ndani ya Kitabu cha Chuo: ishirini na tatu nukta nne. Kisha alipanda mstari mmoja akaandika hesabu iliyozaa jibu lile. Akapanda tena akaandika vipimo vitatu vinavyokaribiana kwa adabu, akapanda akaandika alichokiona, akapanda akaandika alichokifanya, na juu kabisa, mkono umeshachoka, akaandika lengo la jaribio: kutafuta. Ndipo alipogusa chupa. Na chupa nayo, maskini, ilibaki na kazi gani tena?

Chuo hakikuwa na jina, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kukitofautisha nacho. Kilikuwa na ukuta, lango la nondo, maabara tatu na ukumbi mmoja, na kazi yake ilikuwa kuwatengeneza walimu wa kemia. Ndani ya ukuta ule muda haukumzeesha mtu. Aliyeingia na miaka ishirini na minne alikaa nayo ishirini na minne hadi siku ya kutoka, na kutoka kulikuwa kwa njia moja tu: usimame mbele ya darasa, ufundishe somo moja, Mkaguzi akae nyuma na fomu yake, aridhike, akugongee muhuri, uitwe mwalimu. Asiyeridhisha alirudi benchi la kwanza, aanze upya na waliofika jana. Lakini nje, jamani, nje muda ulikuwa unakimbia utadhani una ugomvi na mtu. Wiki moja ya ndani ilikuwa mwaka mzima wa nje.

Siwema Ndauka aliyajua hayo kwa mwanawe. Alipoingia Chuoni alimwacha Mahija na bibi yake, mtoto wa miaka mitatu, bado anataja "maji" kwa kung'ata ulimi. Jumapili ilikuwa siku ya kuonana langoni. Jumapili ya kwanza Mahija aliletwa mgongoni, ana miaka minne, akamkataa mama yake akajificha shingoni kwa bibi. Jumapili ya tatu alikuja kwa miguu yake, amevaa sare ya shule, meno mawili ya mbele hayapo. Jumapili ya saba alikuja peke yake kwa sababu bibi magoti yamegoma. Na Jumapili ya kumi na moja alisimama nje ya nondo msichana wa miaka kumi na minne, mrefu, anayeona haya kushikwa shavu, na Siwema, ambaye kwa hesabu zake alikuwa Chuoni miezi miwili na ushei, akatambua kwamba ameukosa utoto wote wa mtoto wake. Alilia palepale, bila kujificha.

"Mama, usilie bwana, watu wanatuona," Mahija alisema. "Hivi unasomea nini huko kisichokwisha?"

"Kemia, mwanangu. Nasomea kuifundisha."

"Ni ngumu?"

"Si ngumu. Ni ndefu."

Mahija akacheka, kisha akasogeza uso karibu na nondo. "Basi nina habari. Shule yetu ndiyo imechaguliwa. Kesho yenu ya humo tunaletwa ndani, kidato cha pili, arobaini, tuwe darasa lako. Ukishafaulu tunatoka wote kwa lango hilihili. Bibi ameshachagua mchele."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani, nawe lishike usiliachie. Siwema akifaulu kesho, atatoka na mwanawe mkononi. Akianguka, anarudi benchi la kwanza, na mzunguko mmoja ni wiki kumi na moja. Mahija atakuwa na miaka ishirini na mitano. Atakuwa ameolewa au amekataa kuolewa, atakuwa amezaa au amezika, na mama yake bado ana ishirini na minne. Mama mdogo kuliko mwanawe! Hebu niambie, huyo atamwamkia nani?

Jumapili ile mchana Siwema aliandaa andalio la somo. Ni karatasi yenye visanduku: muda, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, na mwisho kabisa, tathmini. Kwa desturi ya Chuo alianza na tathmini. *Wanafunzi wote wameelewa somo.* Aliandika kwa mwandiko mzuri, akauangalia wino ukikauka, na kwa mara ya kwanza sentensi ile ikamkaa vibaya. Wote? Wote nani? Hawajaja. Hawajakaa. Wengine saa hizi wanafua soksi huko kwao. Wameelewa kwa wakati gani? Na kama wameshaelewa, mimi kesho naenda kufanya nini pale mbele? Labda mimi mwenyewe nimeshafundisha. Labda nimeshatoka, niko nyumbani nakula wali, na huyu aliyekaa hapa na kalamu ni mabaki yangu tu, yanapandishwa mstari kwa mstari kuelekea lengo. Labda kila mtu huandikwa hivyo: mwisho kwanza, halafu anatafutiwa sababu. Mtu aliyeandikiwa mwisho wake anaweza kuona kitu kipya? Na akikiona, atakiandika wapi, ukurasa umeshajaa? Alitikisa kichwa, akajiambia kwamba mawazo hayo ni ya njaa, akaenda kuulizia vifaa.

Vifaa vilikuwa chini ya Bi Asumini, fundi wa maabara, mama mnene mpole aliyejifunga kanga juu ya koti lake jeupe, mwenye ufunguo wa stoo kiunoni. Hakuna aliyekumbuka Chuo bila Bi Asumini. Alimpangia Siwema kila kitu kwenye sinia: bureti, ule mrija mrefu wenye koki chini na namba ubavuni, chupa ya koni, kigae cheupe cha kuweka chini yake, asidi, besi, na kichupa cha kiashiria.

"Bi Asumini, chupa zote ziko sawa?"

"Ziko kama siku zote, mwanangu," Bi Asumini alijibu, na alijibu akiwa anaangalia sinia.

Kesho yake wakaletwa. Arobaini, sare zimepigwa pasi, wakapangwa mabenchi manane, na Mahija akakaa benchi la mbele kabisa, mgongo wima, anajifanya hamjui mwalimu. Nyuma ya darasa akakaa Mkaguzi. Huyo aliitwa Mkufunzi Malekano, ndiye aliyemfundisha Siwema kila alichokijua, mzee mpole aliyeingia Chuoni na mvi zake, aliyefuta miwani kwa ncha ya tai kila alipotaka kusema jambo, na ambaye hakuweza kumtazama mwanachuo analia. Watu walimpenda, na alistahili.

"Shikamoo, Mwalimuuu!" darasa lilisimama.

"Marahaba. Kaeni."

Alifundisha vizuri, hilo nikiri. Alisema: hii hapa ni asidi, kali, lakini haina rangi. Hii ni besi, kali vilevile, nayo haina rangi. Viwili visivyo na rangi vinagombana ndani ya chupa, na sisi tuliosimama nje hatuwezi kujua vimemalizana saa ngapi. Ndiyo maana tunaweka shahidi. Akadondosha matone mawili ya kiashiria kwenye asidi. Shahidi huyu, alisema, ni mvumilivu. Ukimwuliza mapema hasemi. Ukimpigia kelele hasemi. Mpaka asidi ya mwisho iishe kabisa ndipo anageuka pinki, na hapo unafunga koki, unasoma namba, na namba hiyo ndiyo ukweli wa ugomvi wao. Watoto walimsikiliza midomo wazi. Mkufunzi Malekano alitikisa kichwa kwa furaha, akafuta miwani.

Kisha akafungua koki. Besi ikashuka tone, tone, tone, huku mkono wake wa kulia ukiizungusha chupa juu ya kigae. Alilifanya jaribio lile zaidi ya mara mia mbili Chuoni, na kila mara alifanya kama wenzake wote: bureti ikifika ishirini na tatu nukta nne unafunga, unasema "imegeuka", unakwenda kuosha vyombo. Macho yalikuwa kwenye namba. Hakuna aliyewahi kuwa na shughuli na chupa. Lakini leo alikuwa anafundisha, na kufundisha kuna sheria yake, iliyoandikwa kwenye mwongozo: mwalimu atainua chombo juu, darasa zima likione, na atauliza.

Ishirini na tatu nukta nne. Akafunga koki. Akainua chupa hadi usawa wa dirisha, mwanga ukapita.

"Mnaona nini?"

"Pinkiii, Mwalimu!" wakaitika arobaini, na sauti ya Mahija ilikuwa juu kuliko zote.

Siwema aliitazama chupa. Mle ndani mlikuwa na maji. Maji matupu, meupe, safi. Kupitia maji yale aliuona uso wa mwanawe pale benchi la mbele, umepinda kidogo kwa kioo, na ulikuwa na rangi yake uliyozaliwa nayo, si nyingine. Akashusha chupa. Akafungua koki tena. Ishirini na tano. Thelathini. Arobaini. Bureti ikaisha, akaijaza, akaendelea kudondosha. Watoto wakaanza kutazamana. Mkono wa Mkufunzi Malekano ukasimama juu ya karatasi.

Maji.

Aliteremka hadi benchi la mbele akaangalia daftari la Mahija. Mstari wa chini: 23.4. Juu yake: *rangi iligeuka pinki*. Wino ulikuwa umeshakauka zamani, kwa hiyo aliandika kabla koki haijafunguliwa, kabla mama yake hajaitikia marahaba. Nani alimfundisha? Huko nje nani alimfundisha? Nao walifundishwa na waliotoka humu. Sisi ndio tunaowapeleka. Tunatoka hapa na muhuri, tunakwenda kwenye shule zote za dunia, na tunawaambia watoto: anza chini.

"Mahija," alisema taratibu, "umeona nini?"

"Pinki, Mwalimu." Kisha, midomo haichezi, kwa sauti ya kupuliza: "Mama, sema tu. Tafadhali."

Lo! Kumbe mtoto anajua. Kumbe ameona maji, kama wote walivyoona maji, arobaini na jozi zao arobaini za macho mazima, na wakapiga kelele pinki ili mwalimu wao afaulu. Ulikuwa wema. Hilo ndilo lililomvunja nguvu Siwema, kwamba ulikuwa wema mtupu, hapakuwa na mjanja hata mmoja mle ndani.

Mkufunzi Malekano aliinuka nyuma, akaja mbele polepole na fomu yake, akamwekea Siwema juu ya meza. Fomu ilikuwa imeshajazwa. Chini kabisa: AMEFAULU, na muhuri juu yake, wa bluu, haukuwa hata wa leo. Juu ya hapo: nidhamu nzuri, sauti nzuri, ubao safi. Ilibaki nafasi moja tu ya wazi, nukta nne zimepangwa.

"Nilikuandikia tangu jana, binti yangu," alisema kwa sauti ya chini, anafuta miwani. "Wewe ndiye mwanachuo wangu bora. Namjua na huyu mtoto wako, namwona langoni. Nimebakiza hapa tu: rangi iligeuka kwenye namba ngapi? Niambie namba, niandike, mwende nyumbani."

Namba moja. Ni kitu gani namba moja? Haina uzito, haimuumi mtu, haimwagi damu. Dunia itageuka vilevile. Mchele umeshachaguliwa. Siwema alisimama pale na kila kilicho ndani yake kikamsukuma aseme, na nani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu. Wewe ungesema, usinidanganye. Lakini aliwaza hivi: mtu akishafundishwa kutoliamini jicho lake, atamwamini nani? Atamwamini aliyeshika Kitabu. Na aliyeshika Kitabu alimwamini nani? Aliyekishika kabla yake. Na wa kwanza kabisa, yule aliyeandika ishirini na tatu nukta nne, yeye aliona, au naye alikuwa anataka kwenda nyumbani? Kesho mtoto huyu ataambiwa mtoni kuna samaki naye anaona mto mkavu, na ataitika samaki. Ataambiwa mume wako ni mwema naye ana alama shingoni, na ataitika mwema. Atakuwa na macho ya mapambo. Na aliyemfunga macho hayo si adui, ni mama yake, siku aliyokwenda kumchukua. Alimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote, na hakuona namna ya kumpenda isiyomuumiza.

"Haikugeuka, Mkufunzi," alisema.

Vichwa arobaini vikamgeukia Mkufunzi.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama vizuri. Ni maji."

"Siwema." Mzee alitweta. "Fomu haina nafasi ya kutogeuka."

"Basi andika pembeni."

Mkufunzi Malekano alishika kalamu muda mrefu. Katika maisha yake yote ya Chuo hakuwahi kukata neno aliloandika chini. Akapiga mstari juu ya AMEFAULU, ukapita na kwenye muhuri, halafu pembeni, kwa herufi za mtu anayejifunza, akaandika: *haikugeuka*. Machozi yalimdondoka akayafuta kwa tai. Hakumkasirikia. Ingekuwa nafuu kama angemkasirikia.

Aliyekasirika ni Mahija. Wenzake walipopangwa mstari kuelekea langoni, alitoka kwenye mstari akaja hadi mezani, uso umemvimba.

"Ungesema tu namba! Namba moja, Mama! Wenzio wote wanasema, kwani wewe nani?"

"Mahija, nisikilize..."

"Bibi nikamwambie nini? Nikamwambie maji yamekataa? Miaka kumi na moja nakuja kwenye lile lango, nimekuja na mvua, nimekuja na homa. Nikasema leo narudi naye. Kumbe unapenda chupa zako kuliko mimi."

Siwema alinyoosha mkono. Mahija akaukwepa, akakimbilia mstari, na lango likafungwa nyuma yao. Katika Chuo kizima chenye majibu, Siwema peke yake hakuwa na jibu, akabaki amesimama, mikono inanuka kiashiria, akijiuliza kama alichokifanya ni ukweli au ni kiburi kilichovaa koti jeupe.

Kwenye sinki alimkuta Bi Asumini na vyombo. Mama yule alikuwa anaosha chupa ileile moja bila kuimaliza.

"Mwanangu, nisamehe," alisema bila kugeuka. "Ni maji kweli. Ile besi tunaichanganya kwa kostiki, ile ya kupikia sabuni. Kostiki iliisha zamani sana. Nikaomba nyingine, nikaambiwa subiri. Nikaomba, subiri. Siku moja chupa ikawa tupu kabisa na darasa liko mlangoni, nikajaza maji ya bomba, nikasema leo naumbuka. Wakaingia, wakafanya jaribio, wakatoka. Nikakusanya madaftari." Akaisuuza chupa tena. "Wote walipata ishirini na tatu nukta nne."

"Lini hiyo, Bi Asumini?"

"Malekano alikuwa mwanachuo. Alikaa benchi la kwanza, pale."

Siwema alishika ukingo wa sinki. Kwa hiyo mzee yule hakuwahi kuiona. Alifundisha rangi ile maisha yake yote, aliichora ubaoni kwa chaki, aliisifia, aliwatoa watu langoni kwa jina lake, na hakuwahi kuiona hata siku moja.

"Hukumwambia?"

"Nimwambie vipi mtu kwamba kazi yake yote ni maji?" Bi Asumini aligeuka sasa, macho mekundu. "Nilingoja mmoja tu alalamike. Mmoja! Aje aniambie, wewe mama, chupa yako mbovu. Ningempigia magoti."

"Basi nimekuja," Siwema alisema. "Chupa yako mbovu. Kostiki inapatikana wapi?"

"Wanawake wa sabuni huko nje wanayo. Nitaagiza langoni."

Siwema akarudi benchi la kwanza. Jumapili iliyofuata alikwenda langoni mapema, akasimama hadi kengele. Mahija hakuja. Jumapili ya pili hakuja. Ya tatu alipita mtu mwenye mwendo kama wake, hakuwa yeye. Huzuni ile ilikuwa na hesabu: kila Jumapili alijua amekosa mwaka gani. Kumi na saba. Kumi na nane. Leo labda amemaliza shule, hakuna aliyempigia makofi. Asubuhi aliamka akidhani amekosea, mchana akidhani amefanya sawa, na jioni hakudhani chochote, aliosha glasi tu. Wanachuo wenzake walimwita Mama Maji. Hawakumwita kwa ubaya, na kwa kweli walimwonea huruma, wakampa na madaftari yao anakili. Alishukuru, hakunakili. Ukurasa wake ulibaki mtupu chini, na pale juu aliandika tu kile alichokiona siku hiyo: *maji*. Siku saba kwa saba: *maji*.

Baada ya Jumapili ya saba, Jumatatu, waliingia wanachuo wapya. Siwema alikuwa anafunga bureti kwenye stendi, hakuinua kichwa. Mtu akavuta kigoda akakaa kando yake, akaweka daftari jipya mezani.

"Sogea kidogo," sauti ilisema. "Umejaza benchi lote."

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na moja, mrefu, kifungo kimoja cha koti kimeshakatika. Siwema aliiacha bureti, akanyoosha mikono.

"Usinikumbatie," Mahija alisema haraka. "Bado nina hasira na wewe."

"Sawa."

"Hasira sana."

"Sawa, mwanangu. Bibi..."

Mahija alitazama dirishani. "Alifariki mwaka wa tatu. Alikuwa anauliza umefikia wapi." Akafungua daftari lake. "Umeniharibia maisha, unajua? Tangu siku ile nikiambiwa jambo lazima nilitazame. Nimegombana na walimu watatu. Nimeachana na mchumba aliyenambia yuko safarini, nikaenda kutazama. Siwezi tena kuitika tu. Nimejaribu, siwezi."

Siwema alilia kwa ajili ya mama yake, akalia pia kwa kitu kingine ambacho hakikuwa huzuni, na Mahija akamwacha alie, ila alisogeza kigoda chake karibu kidogo.

"Jibu chini," alisema Mkufunzi Malekano kutoka mbele, na kalamu zote zikashuka. Bi Asumini akapita na sinia. Alipofika benchi la kwanza hakuweka chupa ya siku zote. Alitoa nyingine chini ya kanga yake, ndogo, ya kahawia, bado ina vumbi la safari, akaiweka mbele yao akaendelea na njia yake bila neno.

"Mimi nasoma, wewe dondosha," Mahija alisema.

Wenzao walifunga koki, wakasema imegeuka, wakaenda kuosha. Wao wakabaki. Kwenye namba ya kumi, pale tone lilipogusa, palitokea kitu, doa, likazunguka mara moja likapotea. Tone jingine: likaja, likapotea. "Polepole, Mama," Mahija alisema, na mkono wake ukaushika mkono wa Siwema pale kwenye koki, ukaubana. Kumi na saba. Tone. Likaja, likakawia, likapotea. Tone. Tone.

Halikupotea.

Chupa nzima ikawa na rangi, laini, nyepesi, ya ndani ya ganda la kitunguu, na ikatulia. Mahija hata namba alisahau kusoma. Nyuma yao walisikia pumzi ya mtu, wakageuka, na alikuwa Mkufunzi Malekano, miwani mkononi, ameinama juu ya benchi alilokalia zamani hizo, anaangalia kwa macho matupu. Aliangalia muda mrefu sana.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo hii, Mkufunzi."

Akavuta kigoda, akakaa kati yao.

"Imwageni," alisema, "muanze tena toka mwanzo. Mimi sikuwahi kuona."